Ile nyota ya mkia haikupita, Mhariri, ipo hadi leo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako, na kama inawezekana barua hii isikae kwenye foleni hadi mwezi ujao maana jambo lenyewe lina siku zake na siku zinaisha. Mimi ni fundi cherehani hapa Uyole, Mbeya, sijasomea mambo ya anga, ninachokijua nimekisoma kwenye simu usiku nikishafunga kazi na kingine nimekiona kwa macho yangu nikiwa uani kwangu. Naandika kuhusu nyota ya mkia ya mwezi huu wa Oktoba 2024, ile ambayo watu wengi huku kwetu waliitafuta siku moja tu, wakaikosa, wakasema imeshapita au ilikuwa uongo wa mitandaoni. Haijapita jamani. Leo ni Jumatatu tarehe 28 na jana usiku nimeiona, inafifia kila siku lakini ipo.

Kilichoharibu ni neno kupita. Tarehe 14, Siku ya Nyerere, watu wapo nyumbani wamepumzika, ukaanza kuzunguka ujumbe kwenye magrupu ya WhatsApp kwamba leo saa 1 usiku kimondo kitapita upande wa magharibi, usikose kwani hakitarudi mpaka miaka 80,000 ijayo. Redio moja ikasoma hivyo hivyo na gazeti moja, sio hili lako, likaandika hivyo hivyo, kitapita. Sasa mtu akiambiwa kitu kitapita saa 1 anafanya nini, anatoka nje saa 1 kasoro, anasimama barabarani na simu imeelekezwa juu, anasubiri kitu kikimbie. Mtaani kwetu tulikuwa watu kama 30, watoto wamebebwa mabegani, na mbingu za magharibi bado zina mwanga wa jua na wingu zito limelalia upande wa Mbalizi. Saa 1 na robo hakuna kilichokimbia. Saa 1 na nusu nilibaki mimi na binti yangu wa darasa la tano na vijana wawili wa bodaboda, nao abiria akatokea wakaondoka. Wote wale waliingia ndani wakiamini wamedanganywa, na kilichoniuma zaidi ni watoto, maana mtoto ukimtoa nje kuangalia mbingu akakosa, siku nyingine ukimuita hatoki.

Sisi watu wa huku neno kimondo tunalijua kuliko watu wa mikoa mingine. Kimondo chetu kipo pale Ndolezi, Mbozi, zamani ilikuwa mkoa wa Mbeya sasa ni Songwe, bonge la chuma la mita 3 na kitu, linahesabiwa kuwa na tani zisizopungua 12, nililiona nikiwa shule na nikaligonga kwa jiwe likalia kama kengele ya kanisa. Kile ni kitu kilichoanguka. Na kile kijimwanga kinachochanja mbingu sekunde moja kikazimika nacho tunakiita kimondo, ni punje tu ya vumbi inayoungua ikiingia kwenye hewa yetu. Nyota ya mkia, au kometi, ni kitu kingine kabisa. Ni donge la barafu na vumbi linalotoka mbali mno huko kwenye baridi, likisogea karibu na jua ile barafu haiyeyuki ikawa maji, inageuka gesi moja kwa moja, gesi inabeba vumbi, na mwanga wa jua pamoja na upepo wa jua, yaani chembe ndogo ndogo zinazorushwa na jua, vinausukuma ule mchanganyiko nyuma unakuwa mkia. Ndio maana mkia siku zote unakaa upande wa pili, ukilipa jua kisogo, hata pale kometi yenyewe inapokuwa inaondoka mkia unatangulia mbele.

Na haikimbii machoni. Binti yangu aliniuliza hilo siku ile ile, mama mbona haikimbii kama ipo, nikamwambia wewe ukiwa mbali na lori linapanda Mlima Nyoka usiku unaona nini, akasema taa, nikamuuliza inatembea, akasema imesimama. Basi ndio hivyo. Tarehe 12 Oktoba hii kometi ilikuwa ndio ipo karibu na dunia kuliko siku zote, na huko karibu ni kilomita kama milioni 70. Unaiona imeganda mahali pamoja jioni nzima, inazama na nyota zingine, ila kesho yake ukilinganisha na nyota za jirani unakuta imehama. Mimi tangu siku ya kwanza kuiona nachora kwenye karatasi ile ya kukatia mitindo, naweka alama ya chaki na tarehe, na alama zimepanda juu kama ngazi.

Jina lake ni gumu kidogo, Tsuchinshan-ATLAS, na nimelifurahia nilipojua lilikotoka. Kuna kituo cha anga China kinaitwa kwa jina la mlima, hao waliikamata kwenye picha mwezi wa Januari 2023, halafu tarehe 22 Februari ikakamatwa tena na mtambo wa ATLAS ulioko Sutherland, Afrika Kusini. Afrika hii hii. Mitambo ya ATLAS kazi yake ni kulinda, inatafuta mawe yanayoweza kuigonga dunia, katika kutafuta huko ikaipata hii. Halafu tarehe 27 Septemba mwaka huu ikazunguka jua kwa karibu, na katika zile siku, alfajiri, sisi wa kusini mwa ikweta ndio tulikuwa na nafasi nzuri ya kuiona kabla ya wale wa Ulaya, ilikuwa mashariki chini kabla jua halijatoka. Huku kwetu saa 11 na nusu alfajiri watu wengi wameshaamka, wa maziwa wameamka, wanaowahi magari ya Tukuyu wameamka. Hakuna aliyetuambia tugeuze shingo mashariki. Hilo Mhariri linanisumbua mpaka leo.

Sasa nieleze nilivyoiona, labda kuna mtu ana kifaa ndani na hajui kama kinatosha.

Nina darubini ya macho mawili, ile ya kushika mkononi, wengine wanaita binokula. Niliinunua ya mtumba Mwanjelwa miaka mitatu iliyopita kwa shilingi 35,000, muuzaji alianza na 60,000. Imeandikwa 10x50, ile 10 ni kwamba inavuta kitu mara 10 na ile 50 ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Mtu anayetaka kununua aachane na zile zinazojisifu kuvuta mara 100, na zile zenye vioo vyekundu vinavyong'aa kama rubi, kwa nyota hazifai, picha inakuwa na giza. Ya 7x50 ni nzuri zaidi hata kuliko yangu kwa sababu mkono ukitikisika haionekani sana. Kabla hujalipa iangalishe kwenye nguzo ya umeme iliyo mbali, ukiona nguzo mbili badala ya moja rudisha hapo hapo, maana ndani imeanguka na vioo vimepishana, kichwa kitakuuma na nyota utaziona pacha pacha.

Tarehe 15 mpaka 19 sikupata kitu. Mwezi ulikuwa unakua, tarehe 17 ukawa mpevu, tena ule mkubwa ulio karibu na dunia, mbingu yote nyeupe, na juu yake mawingu. Mwezi wa kumi huku ndio mawingu yanaanza kujikusanya kusubiri mvua, na kuna moshi wa mashamba yanayochomwa, magharibi panakuwa na utando wa rangi ya udongo. Tarehe 16 niliona kitu cheupe nikaruka kwa furaha kumbe kilikuwa kipande cha wingu kimepigwa na mwezi.

Ila nikapiga hesabu. Mwezi baada ya kuwa mpevu unachelewa kutoka karibu saa nzima kila siku. Jua Mbeya sasa hivi linazama saa 12 na dakika 40 hivi. Kwahiyo kufika Jumapili tarehe 20 mwezi ungetoka saa 3 na kitu usiku, na giza linaingia vizuri saa 1 na nusu, hapo katikati kuna saa moja na zaidi ya giza safi ambayo haina mwezi. Nikamwambia baba, Jumapili tunakaa nje.

Baba yangu anaishi na mimi, ana miaka 78, alikuwa mkulima wa viazi na ndizi Rungwe kabla miguu haijakataa. Ile Jumapili mchana kutwa mawingu yalikuwa yamepanda kama mlima juu ya Loleza na upande wa Poroto, nikakata tamaa, yeye akaniambia subiri jua lizame, wingu la mchana linakula joto la ardhi, ardhi ikipoa nalo linakatika. Ikawa hivyo hivyo alivyosema. Saa 1 na robo lile bonge likaanza kupasuka vipande vipande, na katikati ya vipande unaona nyota.

Hapa ndipo nataka kueleza vizuri kwa sababu wengi wakiona mawingu wanarudi ndani. Mawingu yenye matobo sio mbingu iliyofungwa. Kinachotakiwa ni tobo likifika uwe tayari, maana linakaa dakika moja au mbili, ukianza wakati huo kutafuta darubini na kuizungusha ule mduara wa kurekebisha, limeshapita. Mimi nilikuwa nafanya hivi, kwanza natafuta Zuhura, ile nyota ya jioni kubwa inayong'aa magharibi, hiyo hata wingu jepesi inapenya, narekebisha darubini mpaka Zuhura iwe nukta kali haina manyoya, basi darubini imeshakuwa tayari kwa kila kitu kilicho mbali siigusi tena. Halafu nakuwa nimeshajua kometi inatakiwa kuwa wapi. Siku ile ilikuwa kulia kwa Zuhura na juu kidogo, kiasi cha ngumi mbili na kitu ukinyoosha mkono, na kwa mahali nilipoweka kiti ilikuwa juu kabisa ya ncha ya mkaratusi wa jirani. Kwahiyo hata wingu likifunika najua ipo juu ya mkaratusi, sihangaiki, nasubiri hapo hapo.

Jambo lingine nililojifunza ni kugeuka nyuma. Upepo wetu msimu huu unatoka kusini mashariki, mawingu yanatokea Igawilo upande wa milima ya Poroto yanapita juu ya vichwa vyetu kwenda magharibi kaskazini. Ukiangalia mbele tu tobo linakushtukiza. Ukigeuka nyuma unaliona linakuja, unaona nyota tatu nne zimetokea juu ya Igawilo, unajua baada ya dakika kama 10 lile tobo litakuwa juu ya mkaratusi. Nilikuwa nawaambia watu kaeni sawa linakuja, kama kondakta anayetangaza kituo.

Macho nayo yanataka giza dakika 20 na kuendelea, ukiwasha simu mara moja unaanza upya. Tochi yangu niliifunga kipande cha satini nyekundu kilichobaki kwenye gauni la bibi harusi, mwanga mwekundu hauharibu macho. Jirani ana taa kubwa ya ulinzi inamulika uani kwetu, nilimfuata nikamuomba aizime nusu saa, akazima na akaja na yeye na watoto wake. Mkono unatikisika, hilo ni lazima, kwahiyo nilisimamisha mpini wa fagio chini, juu yake nikalaza darubini, viwiko kwenye mikono ya kiti, ikatulia kabisa.

Tobo la kwanza lilikuja saa 1 na dakika 40. Nikaiona. Kwanza niliona kama doa la ukungu, kichwa cheupe chenye utando kama taa ya bodaboda kwenye ukungu wa asubuhi, halafu nilipotulia nikaona mkia, unapanda juu, mwembamba mwanzoni halafu unatanuka na kupotea polepole huwezi kusema umeishia wapi. Ukiuangalia moja kwa moja unaona mfupi, ukiangalia pembeni kidogo kama unamchungulia mtu kwa jicho la upande unarefuka, hii ni kwa sababu jicho letu gizani linaona vizuri zaidi pembeni. Wingu likafunika. Sikusema kitu kwa muda, nilikuwa nalia kiukweli, na binti yangu akanishika mkono akauliza mama umeumia.

Tobo la pili nikampa baba. Mikono yake inatetemeka, nilishika mpini wa fagio yeye akashika darubini, akawa anasema sioni, sioni, naona nyota tu, nikamwambia shuka kidogo kwenye ncha ya mti, akanyamaza. Alinyamaza mpaka wingu likarudi. Akaniambia, hii ni ndogo yake. Nikamuuliza ndogo ya nani baba, akasema ile ya mwaka 86.

Hakuwahi kunisimulia. Kumbe mwaka 1986, mwezi wa tatu, wakati wa masika, Rungwe mvua inanyesha kama imemwagwa, alikuwa anatoka alfajiri kwenda shambani, siku mbili tu mbingu zilipasuka akaiona ile ya Halley upande wa kusini mashariki, hakuwa na darubini wala mtu wa kumweleza ni nini. Aliwaambia wenzake kwenye pombe jioni wakambishia. Miaka 38 amekaa nayo peke yake. Nikamwambia baba ile ina jina, inarudi kila miaka kama 76, ilionekana 1910 na itaonekana 2061, na kila mwaka mwezi huu wa Oktoba dunia inapita kwenye vumbi lake, wiki hii hii tuliyonayo, usiku wa manane ukiona vimondo vinachanja kutokea mashariki vingi ni punje za nyota yako ya 86 zinaungua. Akakaa kimya sana halafu akasema, kumbe iliacha mabaki.

Siku ile hakutaka kuingia ndani. Tulimletea blanketi na chai ya tangawizi akakaa mpaka saa 3 mwezi unatokea.

Tobo zilikuja sita kwa ujumla, nilizihesabu, ndefu kuliko zote ilikuwa kama dakika nne. Kwenye tobo la mwisho jirani mmoja mama mtu mzima, mtu wa maombi sana, alikuwa amekuja kutuambia tuache kuangalia vitu hivi, ni alama za vita na njaa. Sikubishana naye. Kweli tangu zamani dunia nzima watu waliziogopa nyota za mkia, wakaona zikitokea mfalme anakufa au njaa inakuja, na sababu naielewa, mbingu ni kitu kinachofuata ratiba, jua lina ratiba, mwezi una ratiba, Kilimia, lile kundi dogo la nyota, kina ratiba, halafu ghafla kinatokea kitu ambacho hakikuwepo jana, mtu lazima ashtuke. Nilimwambia tu mama karibu, shika hapa, angalia. Akaangalia. Akasema kumbe ni kama unga mtu ameupuliza. Akaomba kuangalia tena.

Nimetaja Kilimia nikakumbuka. Wazee wetu walikuwa na kalenda ya mbinguni, Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na sasa hivi mwisho wa Oktoba kinatoka mashariki kama saa 2 na nusu usiku, mtu akishamaliza na kometi ageuke ageuzie darubini kule, kwa macho unahesabu nyota sita au saba lakini kwa darubini zinajaa kama shanga zimemwagika. Baba alikitumia kupanga mashamba. Binti yangu hakuwa anakijua mpaka juzi. Yaani katikati ya baba yangu na mwanangu kuna kitu kimekatika na mimi ndio nilikuwa katikati, nilikua naangalia chini tu kwenye sindano.

Ndio maana nimekuandikia Mhariri. Gazeti lako linaandika saa za mechi za Ulaya kila siku, linaandika bei ya dola, linaandika hali ya hewa ya mikoa. Naomba pawepo na kipande kidogo, hata kama ni sentimita tano chini ya utabiri wa hali ya hewa, cha mbingu ya usiku, kiseme ni kitu gani kinaonekana, upande gani, kuanzia saa ngapi mpaka saa ngapi, na kuanzia tarehe gani mpaka tarehe gani. Hicho cha mwisho ndicho muhimu kuliko vyote. Kama ile wiki ya Nyerere mngeandika kwamba ipo magharibi kila jioni mpaka mwanzo wa Novemba, subiri mwezi mpevu uondoke, basi mtu aliyekosa tarehe 14 kwa wingu angetoka tarehe 20, na aliyekosa tarehe 20 angetoka tarehe 21. Naomba pia kiandikwe kwa mbingu yetu. Nilisoma maelezo mengi kwenye simu yaliyoandikwa kwa watu wa London na Marekani, saa sio zetu, na jinsi nyota zinavyolala sio kwetu, wao wakitazama kule kinachoonekana kimeinama huku sisi tunakiona kimeinama kule, mtu mgeni anapotea. Vyuoni tuna walimu wa fizikia, hata hapa Mbeya wapo, nina imani ukimpigia mmoja hatakataa kuandika mistari minne kwa wiki.

Na neno naomba mlitumie sawa. Kikianguka au kikichanja ni kimondo. Kikikaa wiki nzima kina mkia ni nyota ya mkia au kometi. Na kometi msiandike itapita, andikeni ipo.

Kwa atakayesoma hii kabla ya wiki kuisha, bado una siku. Mwezi haupo jioni, utaandama mwanzo wa Novemba, na mpaka kama tarehe 6 utakuwa bado mwembamba hausumbui sana. Kwa macho matupu sasa ni ngumu kuiona ukiwa mjini, ila kwa darubini unaipata. Toka saa 1 na dakika 45 usiku, jua liwe limezama kabisa, kamwe usizungushe darubini magharibi jua likiwa bado lipo maana linaweza kukupofusha sekunde hiyo hiyo. Tafuta Zuhura upande wa magharibi kuelekea kushoto. Toka Zuhura nenda kulia ngumi karibu tatu hivi, halafu panda ngumi moja. Hapo zunguka zunguka polepole. Usitafute kitu kinachong'aa, tafuta doa la ukungu ambalo halikai kama nyota, mkia sasa hivi ni hafifu unapanda juu. Kila siku inahama kidogo ukilinganisha na nyota za jirani. Kama kuna mawingu yenye matobo kaa hapo hapo na ugeuke nyuma uangalie yanakotoka.

Mimi nipo nje kila jioni mpaka itakapopotea, kiti cha baba kipo pale pale chini ya kamba ya kuanikia nguo, na jirani wa taa ya ulinzi siku hizi anaizima mwenyewe bila kuambiwa ikifika saa 1 na nusu.

Wako,
Fundi cherehani,
Uyole, Mbeya
28 Oktoba 2024